Miezi Mitatu ya Oili Chafu

Ukimuuliza mtu wa vyombo wa huku kwetu, mlangoni mwa mto Ruvuma, oili ya injini inabadilishwa lini, atakujibu bila kufikiri: siku ya kushusha boti. Boti imekaa nchi kavu masika yote, mto umetulia, mwezi wa tano umeingia, basi watu wanasoma dua, wanafukiza ubani, wanamwaga oili ya zamani, wanatia mpya, wanashusha. Msimu mpya, oili mpya. Inapendeza kutazama. Na ni makosa.

Mimi nimeishia darasa la nne. Nyumbani tukisema Kimakonde, Kiswahili nimekikuta shuleni nikakizoea sokoni. Injini sikusomea. Lakini nimeshika karai chini ya injini ya mume wangu miaka ishirini na zaidi, na kovu la oili ya moto ninalo hapa kwenye kifundo cha mkono, kwa hiyo hili nalijua. Sitaki kubishana na mtu. Nimebishana vya kutosha, nimechoka. Nataka nieleze lililotupata sisi, anayetaka kusikia asikie.

Boti yetu ni ya mbao, ya abiria na mizigo. Injini yake ilikuwa ya dizeli, ile inayokaa ndani ya boti, siyo ya kuning'inizwa nyuma. Juu ina tangi la maji ya kuipoza, na inawashwa kwa hendeli, unazungusha kwa mkono mpaka ikubali. Kuanzia mwezi wa tano boti inatembea, vijiji vya huku na huku, magunia ya muhogo, matofali, wagonjwa, bibi harusi na makochi yake. Mwezi wa kumi na mbili, korosho zikiwa zimeshaokotwa na mvua za kwanza zimeshuka, mto unajaa, unakuja na magogo na matope, na mwenye akili anapandisha chombo chake bandani. Sisi tunashika jembe.

Mume wangu alikuwa na utaratibu wake, aliufundishwa na fundi mmoja mzee wa Mikindani ambaye sasa naye ni marehemu. Yule fundi alimwambia, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale juu ya kopo la rangi:

"Oili iliyofanya kazi imekunywa masizi, imekunywa moshi, imekunywa maji. Injini ikitembea kila siku inapata moto, yale maji yanakwenda zake. Ukiilaza nayo hayana pa kwenda. Yanakaa chini kule yanakula chuma, wewe uko shambani unapalilia."

"Basi nimwage lini?"

"Siku ya mwisho ya kazi. Umerudi safari ya mwisho, injini bado moto, mwaga. Ikiwa moto uchafu wote unatoka, ikipoa unabaki umeganda chini. Tia mpya, iwashe kidogo ile mpya izunguke kila mahali, izime, ilaze. Hapo utalala na wewe."

Tukafanya hivyo kila mwaka. Na kila mwaka majirani walikuja kucheka, maana kwao ilikuwa ni kutupa mali, oili mpya kwenye injini isiyokwenda popote.

"Mzee, mtu aliyelala unamvalisha nguo za Idi?"

"Simvalishi, namwogesha," mume wangu akijibu. "Wewe unapanda kitandani na tope miguuni?"

"Mimi nalala nilivyo."

"Ndiyo maana mkeo anakugeuzia mgongo."

Wakishacheka, wanatoa vikopo vyao mfukoni kuomba ile oili chafu, wakapake nguzo za nyumba mchwa wasile. Hapo mume wangu hakuwa na neno, aliwagawia wote. Hata msikiti wa kule mwisho wa kijiji nguzo zake za uani zina oili ya injini yetu.

Sasa binti yangu. Ni mkubwa kwa watoto wangu, aliachika akarudi nyumbani na watoto wawili. Hata mwezi hajamaliza akataka kuondoka tena, aende Mtwara mjini, Magomeni, kwa mwenzake aliyekuwa anauza chakula. Mimi nililia, baba yake hakulia. Alimwambia, "Kesho panda boti, nahitaji mtu wa kupanga mizigo." Akapanda. Akapanga mizigo, akapanga abiria, akagombana na walevi, na miaka miwili ya mwisho macho ya baba yake yalipopungua, usukani alishika yeye. Wanaume walisema wakachoka wakapanda. Kwa hiyo ieleweke: boti ile ndiyo iliyombakiza binti yangu hapa. Injini ikiwa hai, yupo. Ikifa, anakwenda. Alilijua yeye, nililijua mimi, hatukuwahi kulitamka.

Mwaka ule, safari ya mwisho, walirudi alasiri. Mimi nilikuwa nimeshateremka ufukweni na karai langu, dumu la oili mpya limeshanunuliwa liko ndani. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye ubao wa mbele kama abiria, kashika kifua.

"Injini i moto," nikamwambia. "Tumwage."

"Kesho."

"Kesho itakuwa baridi."

"Kesho tutaiwasha, ikishika moto tutamwaga. Niache nipumzike."

Aliyasema taratibu. Huyu ni mtu ambaye ukimwambia jambo mara mbili anakukaripia. Nilipoona hakunikaripia nikajua anaumwa kweli. Nikabeba karai langu likiwa tupu tukapanda nyumbani. Asubuhi tulimpeleka hospitali, mjini. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, akafa. Tukamrudisha tukamzika jioni ile ile.

Matanga yakakaliwa. Siku ya kuanua, wanaume walitazama mto wakaona umepanda, boti bado iko majini, wakaondoka wote pamoja kwenda kuivuta. Mimi nilikuwa chumbani na wanawake, nimeshaingia eda. Niliwasikia wakivuta na kuitikiana. Kila mtu chumbani aliguswa, wanasema tazama watu walivyompenda. Na mimi ninaona haya kulisema lakini ndivyo ilivyokuwa: mume wangu hana siku nne ardhini, na mimi nawaza, wanaipandisha na oili chafu.

Msimamizi wa mambo yote alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Simsemi vibaya. Ni mtu wa swala tano, hajawahi kula cha mtu. Alifunika injini kwa turubai, akaifunga kamba mwenyewe, akachukua hendeli akaenda kuiweka kwake. Akatangaza pale uani sote tukasikia: kitu cha marehemu hakiguswi mpaka mirathi igawanywe. Ndivyo inavyofanywa kwetu, na ina sababu. Tumeona nyumba ambazo mpaka siku ya kugawa, baiskeli imeshapata mguu, cherehani imeshakwenda kwa shangazi, na ndugu hawasemezani mpaka leo. Tatizo lilikuwa mrithi mmoja, mtoto wa marehemu wa mke wa kwanza, yuko ng'ambo ya mto, upande wa Msumbiji, na mto umejaa. Mpaka maji yapungue.

Siku ile ile watu walipokwisha tawanyika, binti yangu aliingia chumbani amejifunga khanga kiunoni.

"Mama, nakwenda kumwaga ile oili. Spana ninayo, karai ninalo."

"Baba yako mkubwa amefunga kamba."

"Nitaifungua nitaifunga tena."

"Baba yako hana hata arobaini, wewe ufungue kamba aliyoifunga kaka yake?"

"Kumwaga oili si kuiba, mama. Baba mwenyewe angekuwa hai angeniambia fungua."

"Angekuwa hai kusingekuwa na kamba."

Akataka kucheka, kikamtoka kilio. Akakaa chini mkekani, akaniegemea.

"Mama, wewe ndiye uliyenifundisha. Itaharibika."

"Tusubiri arobaini," nikasema. "Watu wanatutazama."

Mimi ndiye niliyesema hivyo. Siyo shemeji. Binti yangu alikuwa na spana mkononi, na boti iko bandani, mwendo mfupi kuliko kwenda kisimani, na mimi ninayejua nikamkataza.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Nilikaa. Nguo nyeupe, sijipaki, sijifukizi, sitoki. Nilikuwa na dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazama banda la boti. Mvua ya mwaka ule ilikuwa ya kuchosha, siyo ya kishindo, ni ile ya kunyesha na kuacha, kunyesha na kuacha, kila kitu ndani kina unyevu. Chumvi iligeuka maji koponi. Viatu vya marehemu vilishika ukungu mlangoni. Nikiona ukungu kwenye viatu najua na kule ndani ya injini kunafanyika nini. Chuma kinapoa usiku, kinapata joto mchana, kinatoa jasho kama mtungi, jasho linashuka kwenye oili, linakutana na yale maji ya zamani na yale masizi. Fundi alinieleza zamani nikiwa kijana, sikuhitaji kuandikiwa.

Na dumu la oili mpya lilikuwa chini ya kitanda changu. Kila nikiinama kutafuta kandambili naliona. Nililala juu yake miezi yote ile.

Watu wanadhani mjane anakaa ndani analia tu. Kulia kunakwisha. Baadaye unabaki na kuchoka, uchovu wa mtu ambaye hajafanya kazi yoyote, mgongo unauma kwa kukaa. Wageni wanakuja wanakuambia subiri, na wewe unasubiri, hakuna kingine unachofanya.

Arobaini ikasomwa, watu wakala ubwabwa wakaondoka. Nikamwita shemeji. Alikaa barazani, mimi nikakaa ndani nyuma ya pazia.

"Shemeji, ile injini imelala na oili chafu."

"Binti yako ameshaniambia. Mara tatu."

"Itakufa."

"Vyombo vyote vya hapa vinalala na oili ya zamani. Mbona vinaamka?"

"Vinaamka vinakohoa. Mwaka wa tatu mwenyewe ananunua injini nyingine, anasema za siku hizi mbovu."

Nikamsikia anacheka puani, kwa maana mmoja wa hao wenye kununua nyingine alikuwa mkwe wake. Kisha akasogea karibu na pazia.

"Shemeji, unajua sikukatalii kwa ubaya. Nikiifungua leo kamba ile, kesho watasema mzee ameanza kula mali ya mdogo wake, mtoto wa watu yuko ng'ambo hajafika. Akifika tu, tunagawa, na nyinyi mtaimwaga hata mara kumi."

"Nani atasema?"

"Watu."

Watu aliowaogopa yeye ndio hao hao niliowaogopa mimi. Nikamwitishia kahawa akanywa akaenda zake.

Mimi si mtu wa kuogopa. Muulize yeyote hapa. Nimewahi kumshusha mwenye mamlaka kwenye boti kwa sababu alikataa kumpisha mja mzito. Wajukuu wangu wakisikia sauti yangu wanaficha mikono. Lakini eda ilinitia woga ambao sikuujua, woga wa kuambiwa: mumewe juzi tu, yeye yuko kwenye injini anahangaikia mali.

Mwezi wa tatu wa eda ulikuwa unakwisha. Kuna mwalimu mmoja wa madrasa, mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, alikuwa anakuja Ijumaa kunisomea. Siku hiyo alipomaliza, nikamuuliza. Sijui kwa nini sikumuuliza Ijumaa ya kwanza.

"Mwalimu, mwenye eda akiwa na jambo nje, la haja, afanyeje?"

"Jambo gani, bibi?"

"La kumwaga oili."

Akanitazama kama nimeanza kuchanganyikiwa. Nikamweleza yote, tangu ubao wa mbele mpaka kamba. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Bibi, mjane analala nyumbani kwake, halali pengine. Mchana akiwa na haja yake, anajisitiri, anatoka, anaimaliza, anarudi. Na kitu cha marehemu kikiwa kinaharibika, kukihifadhi siyo kukigawa. Nani alikukataza?"

"Hakuna."

"Shemeji yako alikukataza kutoka?"

"Hapana. Alikataza kamba."

"Wewe uliuliza?"

"Sikuuliza."

Alikunja msala wake taratibu, na mimi nilitamani anigombeze.

Kesho yake asubuhi, jua limetoka kidogo, nilitoka. Miguu yangu ilikuwa imesahau mchanga. Binti yangu mbele kabeba karai na spana, mimi nyuma na dumu, natua napumzika, natua napumzika. Kisimani wanawake waliacha kuteka.

"Bibi, eda imekwisha?"

"Bado."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Kufanya kazi. Tekeni maji."

Kamba niliifungua mimi mwenyewe, ili likitokea la kutokea liwe langu. Sikuwa nimemaliza fundo la pili shemeji akafika anahema. Mtu alikuwa ameshamkimbilia kumpa habari.

"Shemeji! Umetoka!"

"Nimetoka. Mwalimu nimemuuliza. Kukihifadhi siyo kukigawa."

"Ungeniambia basi tukaja wote."

"Nilikuambia, ukanywa kahawa."

Akasimama pale na bakora yake. Nikadhani ataondoka kwa hasira. Akaiegemeza bakora kwenye nguzo, akachuchumaa, mzee yule, akashika karai, akaliingiza chini ya injini.

"Hapa?" akauliza.

"Sogeza ndani kidogo."

Kwanza nilichomoa kijiti cha kupimia. Kilikuwa na kutu juu ya alama. Binti yangu alikiona akageuza uso. Alitaka tuiwashe ishike moto ndiyo tumwage, kama ilivyo kawaida. Nikamwambia usiguse kitu, kama kuna maji chini yatazunguka kote, legeza nati ya kumwagia kwanza. Akalegeza. Yalitoka maji. Si mengi, kiasi cha kikombe cha kahawa, lakini maji matupu, ya rangi ya kutu. Kisha ikafuata oili, nzito, ya kijivu, kama uji uliolala.

"Haya maji yamepita wapi?" shemeji akasema. "Turubai nimefunga mimi kwa mkono wangu."

"Hayakupita popote. Yalikuwemo."

"Yalikuwemo?"

"Mengine ilikuja nayo kutoka safarini. Mengine ni ya masika. Turubai halizuii jasho."

Aliendelea kushika karai mpaka tone la mwisho, oili imemchafua kanzu mpaka kiwiko. Tukatia mpya. Akaenda kwake kuleta hendeli. Binti yangu alizungusha, ilikuwa ngumu, alizungusha tena bila kuiwasha mpaka ile oili mpya ikapanda, tukamwaga tena, tukatia tena iliyobaki kwenye dumu. Halafu ikawashwa, ikawaka. Shemeji akasema alhamdulillahi, akanitazama aone kama nimemsamehe. Mimi nilikuwa nasikiliza. Ilikuwa inanguruma vizuri juu, lakini chini kulikuwa na sauti nyingine, ndogo, kama mtu anasaga meno usingizini. Sikuwaambia. Nikarudi ndani kumaliza eda yangu.

Mto ulipopungua mtoto wa ng'ambo akaja, kijana mpole, akashangaa kwamba alisubiriwa. Mirathi ikagawanywa siku moja bila neno: wengine mikorosho ya upande wa Nanyamba, sisi nyumba na boti. Hendeli ikakabidhiwa mkononi mwa binti yangu mbele ya watu. Mwezi wa tano dua ikasomwa, boti ikashuka, majirani wakanitania.

"Bibi, ulituambia itakufa. Si hiyo inakwenda?"

"Inakwenda," nikasema.

Ilikwenda wiki tatu. Wiki ya nne ikaanza kugonga. Binti yangu alirudi akaniambia, mama, inagonga, na mimi nikamwambia punguza mzigo, usiikimbize. Akapunguza. Siku moja anarudi, ana abiria sita na magunia ya muhogo, karibu na mikoko pale maji yanapopinda, ikapiga kishindo kimoja ikasimama. Walivutwa na ngalawa mpaka nyumbani. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu.

Fundi alitoka Mtwara na mfuko wake. Aliifungua pale pale ufukweni, sote tumemzunguka. Mkono wa pistoni ulikuwa umekatika ukatoboa ubavu wa injini. Tundu la kuingiza ngumi. Akatoa beringi, akazifuta kwa kitambaa, akapitisha ukucha juu yake.

"Pitisheni na nyie. Mnasikia mashimo?"

Nikapitisha ukucha wangu. Vishimo vidogo vidogo, kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui.

"Hii siyo kazi iliyoiharibu. Imeliwa na kutu. Ililala na maji. Nani alikuwa anaitunza?"

"Marehemu," akasema shemeji.

"Marehemu aliilaza hivi?"

Kisha nikasema mimi, kwa sababu nisingeweza kuacha wamtupie maiti.

"Marehemu aliitunza. Tuliilaza sisi."

Fundi akasema hii haitengenezeki, iuzwe chuma chakavu. Akafunga mfuko wake.

Binti yangu alikaa mwezi mzima hasemi. Analima, anapika, anafua. Kisha siku moja nikamkuta anakunja nguo kwenye begi. Yule mwenzake wa Magomeni alikuwa bado anauza chakula na anatafuta mtu. Alimchukua mtoto mdogo, mkubwa akabaki kwangu amalize shule. Nilikaa kitandani nikimtazama anakunja.

"Una khanga ya kutosha?"

"Ninazo."

"Usikubali wakulaze jikoni."

"Mama, mimi si mtoto."

Akafunga zipu. Halafu, akiwa amenipa mgongo, akasema:

"Siku ile ya kwanza ungeniacha, mama."

"Ningekuacha."

"Nilikuwa na spana mkononi."

"Nilikuona."

"Sikulaumu."

"Nilaumu," nikamwambia. "Mimi ninajilaumu peke yangu, kazi ni nyingi. Nisaidie."

Akanikumbatia kwa nguvu mpaka mbavu zikaniuma, akabeba begi akaenda. Anapiga simu kila Ijumaa. Anasema kazi ni nzuri, lakini naijua sauti yake, ni sauti ya mtu aliyesimama tangu alfajiri. Alikuwa anashika usukani mlangoni mwa Ruvuma, sasa anaosha sahani.

Boti ipo bandani, haina injini, kuku wanataga ndani yake. Mimi na shemeji hatukugombana. Anakuja anakaa barazani, wazee wawili, tunazungumza mvua. Mwezi wa kumi na mbili uliopita nilimwona anateremka ufukweni, ameshika bakora, anawasimamia watu wa vyombo mmoja mmoja, injini bado zina moto: mwageni kabla hamjapandisha. Wengine wanamsikiliza, wengine wanamcheka kama walivyomcheka mdogo wake. Mara nyingine wananijia mimi wanauliza, bibi, hivi ni lazima? Nawajibu siku ya mwisho ya kazi, siyo ya kwanza, na ikiwa moto. Wananiuliza, na kukiwa na msiba nyumbani? Swali hilo wanauliza kwa kunionea huruma, nami sihitaji huruma yao.

Nawaambia maiti anazikwa jioni, na oili inamwagika kwa muda wa kuchemsha chai. Mtu mmoja atoke matangani aende, arudi, anawe mikono, aketi na wenzake. Hata nikifa mimi. Na atakayemsema mtu huyo, mleteni kwangu nikiwa bado hai.